Star Trek iliyoanzishwa upya: ipi kati ya tatu imepatanisha mapigano na maudhui?

Jahazi (mwanzilishi wa mada):
Wanajukwaa, naomba tulinganishe filamu tatu zilizoianzisha upya Star Trek, mfululizo wa safari za anga za mbali, yaani ile ya 2009, Into Darkness ya 2013 na Beyond ya 2016. Malalamiko ya mashabiki wa siku nyingi yanafahamika: kwamba kukimbizana na milipuko vimeyasukuma pembeni mawazo yaliyoujengea mfululizo huu heshima tangu 1966. Mimi naitanguliza ile ya 2009, ya J.J. Abrams, na ushahidi wangu ni dakika zake za mwanzo. Ubavu wa chombo Kelvin unapasuka, mhudumu mmoja anavutwa nje, na kelele zote za vita zinakatika papo hapo, kwa kuwa huko nje hakuna hewa ya kubeba sauti. Muda mfupi baadaye George Kirk, nahodha wa dakika 12 tu, anakielekeza chombo kwa adui huku akimsikia kwa mbali mwanawe James, ndiye Kirk shujaa wa mfululizo, akizaliwa. Pale mapigano yenyewe ndiyo yanayobeba uchungu.

Mshumaa:
Mkuu, dakika hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni zile zinazofuata. Sayari ya Vulcan, kwao Spock, rafiki na msaidizi wa Kirk, inamezwa pamoja na karibu wakazi wake wote bilioni sita, na ukimwondoa mama yake Spock, msiba huo haupewi nafasi ya kutosha kabla hatujarudi kwenye kufukuzana. Nero, adui aliyeiangamiza, naye amepoteza sayari na mke, jambo ambalo lingetosha kumfanya adui wa kukumbukwa, lakini tunasimuliwa harakaharaka kisha anaendelea kufoka. Abrams hajaficha kwamba utotoni hakuwa shabiki wa Star Trek, na inaonekana.

Tausi:
Naomba tusiipambe mno hiyo zamani. Kipindi cha kwanza cha majaribio alichotengeneza Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, kilikataliwa na kituo cha televisheni cha NBC kwa hoja kwamba kinafikirisha mno, na cha pili, ambacho ndicho kilichokubaliwa, kinaishia kwa Kirk kupigana ngumi na rafiki yake Gary Mitchell. Filamu ya 1979 ya Robert Wise, iliyojaa tafakuri, ina kipande ambamo Kirk anazungushwa nje ya chombo kwa dakika kadhaa bila lolote kutokea. Mimi naipenda, ila nyumbani kwangu sijapata mtu wa kuimaliza nami.

Kijiti:
Ulinganisho wa haki ni kati ya The Wrath of Khan ya 1982 na Into Darkness, kwa sababu ya pili imeazima onyesho zito kuliko yote la ya kwanza na kuligeuza. Ile ya 1982 iliongozwa na Nicholas Meyer kwa takriban dola milioni 12, na humo Kirk na adui yake Khan hawakutani uso kwa uso hata mara moja. Wanatupiana maneno kupitia skrini, na pambano lao ndani ya wingu la gesi ni la kuviziana kama nyambizi. Spock anapokufa nyuma ya kioo katika chumba cha mionzi, mtazamaji amewafahamu wawili hawa kwa miaka 16, na Kirk ameianza filamu akisononekea umri wake. Mwaka 2013, kwa bajeti ya karibu dola milioni 190, anayekufa nyuma ya kioo ni Kirk, katika urafiki wenye umri wa filamu mbili, na damu ya Khan inamfufua kabla filamu haijaisha.

Kinachosikitisha ni kwamba hoja nzito walikuwa nayo mkononi. Admeri Marcus, mkubwa wa Kirk, anaamuru mshukiwa, yaani Khan, auawe kwa makombora katika sayari ya watu wengine, bila kufikishwa mahakamani, wakati Marekani yenyewe ilikuwa ikibishana kuhusu mauaji ya ndege zisizo na rubani. Scotty, fundi mkuu wa chombo, anajiuzulu kuliko kuyapokea makombora hayo chomboni. Baadaye kidogo ngumi zinaanza, na swali hilo halirudi tena kwa uzito ule.

Tausi:
Beyond nayo isisahaulike kwa sababu ya trela yake ya pikipiki na muziki wa Beastie Boys. Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock tangu mwanzo, alifariki 2015, na humo Spock kijana anapokea habari za kifo cha Spock mzee, yaani yeye mwenyewe aliyekuja kutoka wakati ujao, kisha anaifungua picha ya wahudumu wa zamani bila kusema neno. Udhaifu wake ni Krall, adui wa filamu hiyo: askari aliyeshindwa kuishi katika amani ni wazo kubwa, lakini Idris Elba amefichwa chini ya vipodozi hadi karibu na mwisho.

Jahazi:
Ndugu Kijiti, hoja yako ya kufufuliwa ina tundu. Spock naye alirudishwa katika filamu ya 1984.

Kijiti:
Alirudishwa, ndiyo, lakini Kirk alilipa: mwanawe David aliuawa, na chombo chake Enterprise alikilipua mwenyewe. Mwaka 2013 Kirk anaamka hospitalini, daktari McCoy anamtania, na filamu inaruka karibu mwaka mzima hadi chombo kilipokwisha kutengenezwa.