Picha za washkaji na mpenzi wa zamani, naruhusiwa kuzionyesha?

kioo_chapili:
Wakuu habari zenu. Mimi napiga picha za watu wangu wa karibu tu, washkaji, mpenzi, watu ninaoishi nao, yani mtu kalala kwenye kochi mdomo wazi, mwingine analia jikoni, wawili wamenuniana kila mmoja kageukia ukuta wake. Hakuna mapozi. Sasa nimepata nafasi ya kuonyesha chache na zile kali kuliko zote ni za eks wangu. Tulipokuwa pamoja alijua napiga na hakuwahi kulalamika, tumeachana kwa amani ila siku hizi hatuongei sana. Je ile ruhusa bado ipo au ndo imeondoka na mapenzi? La pili, usiku ndani kwenye balbu moja mnapigaje, maana nikiwasha fleshi kila mtu anakakamaa.

rolimoja:
Ruhusa ya kupiga na ruhusa ya kuonyesha ni vitu viwili mkuu. Alikubali wewe umwone, ukumbi mzima ni habari nyingine. Mtumie picha zenyewe, siyo maelezo, zile zile unazotaka kutundika, mwambie zitakuwa na ukubwa gani na kama zitaingia mtandaoni. Akikaa kimya usihesabu amekubali.

mzee_wa_shata:
Mnambana bure. Kazi za namna hii zingengoja saini zisingekuwepo. Nan Goldin, yule mpiga picha wa Marekani aliyewapiga marafiki zake, alitoa kitabu chake 1986, humo watu wako kitandani, wanajidunga dawa za kulevya, wanagombana, nani angesaini hayo akiwa na akili zake?

nuru_hafifu:
@mzee_wa_shata huo mfano unakurudia mwenyewe. Zile picha kabla ya kuwa kitabu zilikuwa slaidi, yani picha za kumulikwa ukutani moja baada ya nyingine, alizionyesha kwenye vilabu vya New York na muziki juu yake, baadaye zikafika kama 700 kwa dakika 45 hivi, na watazamaji wa mwanzo walikuwa wale wale waliomo kwenye picha! Walijiona wakiwa wamekaa naye hapo hapo. Halafu hakujificha nyuma ya kamera, kuna picha yake mwenyewe ya 1984, mwezi mmoja baada ya mpenzi wake kumpiga, anatazama lenzi moja kwa moja, jicho moja limevilia damu, kapaka rangi nyekundu mdomoni na hereni zake masikioni. Mtu aliyejianika hivyo ana haki ya kuomba wengine nao waonekane.

Sasa mtazame Araki, mpiga picha wa Japani. Zile za fungate na mkewe Yoko, 1971, mimi nazipenda sana, huwezi kusema hakuna mapenzi mle. Lakini 2018 KaoRi, aliyekuwa modo wake miaka mingi, aliandika kwamba hakuwahi kuwa na mkataba na picha zake zilitumika bila yeye kuulizwa. Watu walikuwa wanamwona ukutani wanadhani wanamjua. Ukaribu haukumlinda kitu. Kwa hiyo kioo_chapili nakuuliza, wewe mwenyewe uko kwenye picha ngapi? Kama hakuna hata moja mimi ningeanzia hapo.

balbu_ya_njano:
Naacha maadili kwa wenye maadili, najibu la pili. Goldin huyo huyo alitumia fleshi sana kwa hiyo fleshi siyo adui, shida ukiitoa siku moja moja wanashtuka, ikiwa ipo kila siku wanaizoea. Ielekeze kwenye dari kama ni jeupe. Bila fleshi tumia lenzi ya 35mm inayofunguka f/1.8 (tundu pana, mwanga mwingi unaingia), ISO 3200 (kamera inahisi mwanga zaidi), spidi 1/60 ya sekunde, mlio wa shata uzime, chembechembe zikitokea kwenye picha poa tu. Ule unjano wa balbu usiuondoe wote, ukiuondoa ngozi zinakuwa kama za watu wa mochwari. Na zumu ya kutoka upande wa pili wa chumba achana nayo, inaonekana unapeleleza watu. Kaa kitandani nao.

kioo_chapili:
Asanteni. Nimemtumia jana, kakubali karibu zote isipokuwa ile ya jikoni, na ndo niliyotaka iwe kubwa kuliko zote, nimeishiwa nguvu kidogo. Kuhusu mimi kuwemo, ipo moja alinipiga yeye nikiwa na homa, sura mbaya balaa.

nuru_hafifu:
Ya jikoni itoe bila kubembeleza. Hiyo ya homa weka, ila jina la mpiga picha liandikwe lake, na muulize kwanza.