Mikataba ya miaka 10 kwenye besiboli: iwekewe kikomo au iachwe ilivyo?

Mleta mada, Anaheim

Wakuu, salaam. Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga, na ukitaja besiboli mtu anazima simu. Leo nivumilieni. Nilifika California mwaka 2012, na kibarua changu cha kwanza kilikuwa kufagia majukwaa ya uwanja wa Anaheim mechi zikiisha. Maganda ya karanga, maganda ya mbegu za alizeti, ndoo kwa ndoo hadi saa nane usiku. Nikatoka pale na maumivu ya mgongo na mapenzi ya Angels, timu ya pale, na mpaka leo sijapona hata kimoja.

Hoja yangu ni hii: ligi kuu ya besiboli Marekani iweke kikomo cha urefu wa mikataba. Miaka mitano, basi. NBA hakuna mkataba unaozidi hapo. Hoki waliweka kikomo cha miaka minane mwaka 2013. Besiboli ndiyo haina breki. Desemba 2024 Mets ya New York walimpa Juan Soto miaka 15 kwa dola milioni 765, na msimu uliofuata wakaukosa mtoano siku ya mwisho kabisa.

Nitoe mfano wa nyumbani. Desemba 2011 Angels ilimsajili Albert Pujols: miaka 10, dola milioni 240. Huyu alikuwa mfalme. Miaka 11 pale St. Louis alipiga homurani 445 (pigo linalovusha mpira nje ya uwanja), akawa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, akabeba World Series mbili (fainali kuu kati ya mabingwa wa ligi mbili zinazounda ligi kuu), ya pili ikiwa wiki chache tu kabla ya kusaini kwetu. Mimi na fagio langu nikaona nimeingia nchi hii kwa wakati wake. Msimu wa 2013 nikamwona kwa macho yangu akikimbilia kituo cha kwanza. Unyayo unamuuma, anakanyagia ubavu wa mguu kama mtu aliyechomwa na mbigili. Mpira alikuwa ameugonga vizuri tu, mwingine angefika anatembea. Yeye akatolewa. Julai hiyo msimu wake ukaishia hapo, na mkataba ulikuwa umebakiza miaka minane.

Hatukujifunza. Wakati huo tulishamchukua Josh Hamilton, miaka mitano, milioni 125. Mwaka 2014 tulishinda mechi 98, hakuna timu iliyotuzidi, tukaingia mtoano tukafungwa na Kansas City mechi tatu mfululizo. Hamilton alipiga mara 13 katika mechi hizo na hakupata hata moja. 2015 tukamrudisha Texas huku tukiendelea kumlipa sehemu kubwa ya mshahara. Kisha Desemba 2019 tukamleta Anthony Rendon kwa miaka saba, milioni 245. Kuanzia 2021 hadi 2024 klabu ilicheza mechi 648 za msimu wa kawaida. Rendon alicheza 205. Msimu wa 2025 hakucheza kabisa.

Hatujaingia mtoano tangu 2014. Kuanzia 2016 mpaka 2025 hakuna msimu hata mmoja ambao tumeshinda mechi nyingi kuliko tulizofungwa. 2024 tulipoteza 99, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya klabu. Nani anasema mikataba hii haijatumaliza? Karibuni.

Mnazi wa Msimbazi

Miaka kumi?! Huku mchezaji akipewa miwili na kipengele cha kuongeza tunaanza kuuliza ana undugu na nani kwenye uongozi. Swali: kwani hawawezi kumwita ofisini wakavunja mkataba yakaisha?

Mleta mada

Mkuu, kule mkataba ukisainiwa hela yote ni yake. Akiumia, akishuka kiwango, ukimwacha, unalipa mpaka senti ya mwisho. Pujols tulimwacha Mei 2021 akiwa na miaka 41, na mshahara wa msimu ule tukaumeza. Unajua alifanya nini? Akaenda Dodgers ya Los Angeles, mwaka uliofuata akarudi St. Louis, na homurani yake ya 700 akaipigia uwanja wa Dodgers, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwangu kama barabara imekubali.

Jirani wa Tao, St. Louis

Ndugu yangu, kwanza nikushukuru kwa niaba ya mji mzima. Mlipomchukua Pujols, kanuni za wakati ule zilitupa nafasi yenu katika mgawo wa vijana wa 2012, pale klabu zinapochagua chipukizi kwa zamu. Tulimchagua nani kwa nafasi hiyo ya 19? Michael Wacha. Mwaka 2013 kijana yule akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi yetu na tukafika World Series. Mmetupatia kijana, mkachukua babu, na hela mkatoa nyinyi.

Ila hoja yako ina tobo, na tobo lenyewe ni huyo huyo Pujols. Umesahau kwamba alikuwa na mkataba mrefu kabla ya huo wenu. 2004, akiwa na miaka 24, alisaini na sisi miaka saba kwa dola milioni 100, na klabu ikiwa na hiari ya kuongeza mwaka wa nane, tukauongeza. Ndani ya mkataba ule tukapata tuzo zote tatu za mchezaji bora na mataji yote mawili. Mtu mmoja, mikataba miwili mirefu: mmoja ni biashara nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuona, mwingine ndio unaokuliza. Tofauti ni umri. Sisi tulinunua miaka yake ya 24 hadi 31, nyinyi mkanunua kuanzia 32. Kikomo chako cha mitano kingetunyima mkataba wetu mzuri bila kumzuia bosi wenu kumpa mtu wa miaka 32 mitano ya hovyo. Hamilton si alikuwa wa miaka mitano?

Na warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, je? Umeandika aya tano bila kumtaja mrushaji hata mmoja. Klabu iliyodharau warushaji kwa muda mrefu hivyo, mpaka 2021 ikachagua vijana 20 kwenye mgawo na wote 20 wakawa warushaji, kama mtu aliyesahau chumvi wiki nzima halafu anamwaga pakiti yote sufuriani. Hapo tatizo ni Rendon kweli?

Mhasibu wa Zamu ya Usiku

Naomba niingie upande wa wachezaji, maana hapa wanasemwa kama wezi.

Kijana akipanda ligi kuu anafungwa na klabu yake mpaka atimize misimu sita ya utumishi. Mitatu ya mwanzo analipwa kiasi cha chini au karibu na hapo, na kwa 2025 kima cha chini kilikuwa dola 760,000. Ni hela nyingi kwako na kwangu, lakini tazama anachozalisha. Pujols huyo huyo, msimu wake wa kwanza 2001, alipiga homurani 37 kwa mshahara wa dola 200,000. Mpaka anakuwa mchezaji huru, wengi wao wana miaka 28, 29, 30. Kwa hiyo mkataba wa miaka kumi ni malimbikizo. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anayedai malimbikizo ya kupandishwa daraja atanielewa mara moja.

Tofauti ni kwamba anayelipa malimbikizo siye aliyekuwa anadaiwa. Deni lilikuwa la St. Louis, likalipwa Anaheim. Ukitaka kuziba hapo, wapunguzie vijana miaka ya kufungwa na uwape hela wakiwa bado wanaweza kukimbia. Ukiweka kikomo cha miaka bila kugusa hilo, unawasaidia wamiliki tu.

Tena miaka mirefu mara nyingi ni ujanja wa klabu zenyewe. Ile kodi ya anasa kwa timu zinazozidisha matumizi inahesabiwa kwa wastani wa mkataba kwa mwaka. Ukisambaza milioni 300 kwenye miaka 12 badala ya minane, wastani unashuka na kodi inapungua. Mchezaji hakuomba kucheza akiwa na miaka 40, ni hesabu za ofisini. Nyota Shohei Ohtani ndiyo kabisa: Dodgers walimpa milioni 700 kwa miaka 10, lakini katika 70 za kila mwaka, 68 zinalipwa baadaye, kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Mali kauli ya kistaarabu. Mets wao walishawahi kukopa vibaya, na Bobby Bonilla, aliyestaafu 2001, anapokea dola 1,193,248 na senti 20 kila tarehe 1 Julai mpaka 2035. Mimi tarehe hiyo huwa namkumbuka kuliko siku ya kuzaliwa ya shemeji yangu.

Na mikataba mirefu iliyolipa ipo. Mrushaji Max Scherzer alisaini na Nationals ya Washington akiwa na miaka 30: miaka saba, milioni 210. Tuzo mbili za Cy Young (ya mrushaji bora wa ligi), ubingwa wa 2019. Nani alilia?

Mleta mada

Mhasibu, hapo kwa Nationals umenipa fimbo mwenyewe. Baada ya ubingwa ule walikuwa na watu wawili wa kuwalipa, Rendon na mrushaji Stephen Strasburg, aliyekuwa mchezaji bora wa World Series ile. Wakambakiza Strasburg, miaka saba, milioni 245. Siku chache baadaye sisi tukambeba Rendon kwa miaka na hela zile zile. Strasburg baada ya hapo alirusha mechi nane. Nane, mpaka anastaafu 2024. Klabu mbili zilichagua tofauti na zote zikaangukia shimo moja. Halafu mnaniambia ni uzembe wa Angels peke yake?

La malimbikizo nalikubali nusu. Lakini anayelipa tiketi ni mimi, na mimi simdai Pujols wala hanidai kwa yale ya St. Louis.

La warushaji nalikubali lote. Sikulitaja kwa sababu linauma.

Mama Fenway

Nyie wanaume mnaogopa mkataba mrefu kwa sababu umewaunguza. Njooni Boston niwaonyeshe kuogopa kunavyounguza. Februari 2020 tulimuuza Mookie Betts kwa Dodgers, ana miaka 27, kwa kukwepa kumlipa. Julai hiyo hiyo Dodgers wakamwongezea miaka 12, milioni 365. Ubingwa 2020, 2024, 2025, vyote anavyo yeye. Sisi tumebaki na akiba. Mwanangu mdogo bado analala na jezi yake namba 50, nimemwambia akikua nitamweleza.

Jirani wa Tao, St. Louis

Pole dada. Na huyo Betts unaona alikuwa na miaka mingapi? 27. Narudia: umri, umri, umri.

Mhasibu wa Zamu ya Usiku

Scherzer 30, Jirani. Usifanye dini.

Mnazi wa Msimbazi

Mleta mada, nina swali la mtu asiyejua. Kuna huyo Mike Trout wenu, hata mimi nimeshamsikia. Huyo alisaini lini?

Mleta mada

Machi 2019. Alikuwa na miaka 27. Miaka 12, milioni 426 na nusu. Yupo mpaka 2030.

Mnazi wa Msimbazi

Anaumia?

Mleta mada

2021 alicheza mechi 36. 2024 akacheza 29. 2025 alikuwa na afya kidogo, akafikisha homurani ya 400.

Mnazi wa Msimbazi

Mechi za mtoano?

Mleta mada

Tatu. Zile zile za 2014.

Mnazi wa Msimbazi

Sasa kwa sheria yako ya miaka mitano, mkataba wake ungeisha 2023 na asubuhi yake angeshakuwa na jezi ya Dodgers karibu na Ohtani. Ungemwacha aende?

Mleta mada

Wakuu, chakula kipo mezani, naitwa. Nitarudi baadaye.

Jirani wa Tao, St. Louis

Jibu swali kwanza.

Mleta mada

Nisingemwacha.