Ulinganisho: pa kuweka mkusanyiko wa sanaa, mazingira na harakati za jamii (Tumblr, Are.na, WordPress au Hugo?)

karafuu_kavu
Wakuu, habari za humu. Nataka mahali pamoja pa kuweka michoro ya wasanii mbalimbali, picha za ndege na mimea, na kampeni za kijamii zenye viungo vya kutia saini. Kadirieni picha 400 kwa mwaka. Vipimo vyangu: siku nikihama nisiache kitu nyuma, jina la msanii lisipotee, na ukurasa ufunguke kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua. Mngechagua ipi kati ya hizo nne?

fundi_viungo
Mkuu, tuanzie mlango wa kutokea, maana wa kuingilia zote zinao.

Tumblr inakupa blogu nzima kwenye faili la zip, picha zikiwemo. Shida yake ni kurebloga (kusambaza chapisho la mwingine kwenye blogu yako): jina linalobaki kwenye mnyororo ni la aliyepakia kwanza, ambaye mara nyingi siye aliyechora. Halafu Desemba 2018, ilipopiga marufuku picha za utupu, kichujio chake kilizoa hata michoro isiyo na hatia. Masharti yalilegezwa Novemba 2022, lakini mwenye nyumba umeshamjua.

Are.na ni tamu kwa kupanga mawazo. Picha moja ya bundi inakaa kwenye chaneli ya ndege na ya kutetea misitu bila kunakiliwa. Msomaji wa kupita njia, hata hivyo, hataelewa kwa nini vitu hivyo vimewekwa pamoja.

WordPress ya kujisimamia (unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe) huwatega watu kwenye kuhama. Faili la XML linalotoka lina maandishi na anwani za picha tu; picha zenyewe hazimo. Ukizima seva ya zamani kabla ya kuingiza faili kwenye mpya, unabaki na visanduku vitupu. Folda ya wp-content/uploads inakiliwe kwa mkono.

Hugo ni programu inayogeuza mafaili ya maandishi kuwa tovuti, kwa hiyo kila kitu ni mafaili kwenye kompyuta yako. Kura yangu iko hapo.

pikseli_nne
Kura sawa, ila piga hesabu kwanza. Ukiweka tovuti ya Hugo kwenye GitHub Pages (huduma ya kuhifadhi tovuti), kikomo ni GB 1 kwa tovuti. Picha ghafi za MB 5 mara 400 ni GB 2, umekwama katikati ya mwaka. Tengeneza nakala za WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi) za upana wa pikseli 480, 960 na 1600, ubora 75 hivi. Zote tatu zikija KB 400 kwa pamoja, mwaka mzima ni MB 160. Zitaje kwenye srcset (orodha ya saizi za picha ndani ya HTML) ili simu ijichagulie ndogo. Andika width na height, la sivyo maandishi yatarukaruka kila picha ikiingia. Na loading="lazy", inayosubiri kupakua picha mpaka msomaji aikaribie, usiiweke kwenye picha ya kwanza, utaichelewesha bure.

Ukipakia picha ghafi kwa bahati mbaya kisha ukaifuta, git, mfumo wa GitHub wa kutunza matoleo ya mafaili, bado inayo kwenye historia yake.

chanikiwiti
Mnamsukuma mwenzenu kwenye Hugo kana kwamba kila mtu hushinda mbele ya kompyuta. WordPress ina programu ya simu, na tangu toleo la 5.3 picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa yenyewe, na saizi ndogo hutengenezwa hapo hapo.

fundi_viungo
Kweli, kwa simu inashinda. Ila programu-jalizi zisiposasishwa miezi sita unakaribisha wavamizi. Kurasa za Hugo ukizisahau zinakaa tu.

shore_mdogo
Nyote mmeruka jambo zito. Picha ya simu huweza kubeba mahali ilipopigwa. Kwa ua la bustanini si neno. Kwa kiota cha ndege adimu umemchorea mwindaji ramani. iNaturalist, tovuti ya watu kurekodi viumbe walivyoviona, huficha mahali pa spishi zilizo hatarini kwa kuweka alama popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, kama km 22 kila upande karibu na ikweta. Kwenye tovuti yako hakuna wa kukufichia. Kabla ya kupakia, futa mahali hapo kwa exiftool (programu ya kusoma na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha):

`exiftool -gps:all= picha.jpg`

Mtego: exiftool huacha nakala ya zamani pembeni, picha.jpg_original, ikiwa na mahali pake palepale. Ukipakia folda nzima, siri imetoka nayo.

Na picha za watu huko iNaturalist kwa kawaida zina leseni ya CC BY-NC (taja jina, usifanyie biashara), kwa hiyo siku ukiweka matangazo, umejitafutia mgogoro.

zege_halilali
Kwenye kampeni kinachoua ni tarehe. Kiungo cha kutia saini kilichofungwa mwaka jana kinamfanya msomaji asiamini hata kilicho hai. Kila ingizo lipewe kichwa cha namna hii:

```
title: Okoa kinamasi
mwandaaji:
chanzo:
leseni_ya_picha:
kilikaguliwa: 2025-03-02
mwisho: 2025-06-30
```

Hugo ina expiryDate ya kuondoa ukurasa muda ukipita, lakini tovuti haijijengi yenyewe. Usipoijenga upya, ukurasa uko palepale. Mimi nisingeitumia. Acha ukurasa, ondoa kitufe, andika matokeo, na kiungo cha chanzo kihifadhi kwenye Wayback Machine (tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani) siku ile ile unapochapisha. Kwa michoro, ongeza msanii na mwaka. Leseni ya CC BY (tumia ila taja jina) inataka pia useme kama umeikata au kuibadilisha picha, jambo ambalo karibu kila mtu husahau.

karafuu_kavu
Nashukuru wakuu, naelekea Hugo. @shore_mdogo, nikitumia `-all=` badala ya `-gps:all=` baadhi ya picha zinalala ubavu na rangi zinapauka. Kwa nini?

shore_mdogo
Umefuta na alama ya Orientation inayokiambia kivinjari picha isimame vipi, pamoja na wasifu wa ICC unaosema rangi zionekane vipi. Rudi kwenye nakala za _original, futa GPS peke yake, kisha hakiki kwa `exiftool -a -G1 -s picha.jpg`. Mstari wowote wenye neno GPS ukionekana, bado. Ukiridhika, zihamishe hizo _original nje ya folda ya tovuti.