Naomba ushauri: kompyuta ya kwanza ya gemu kwa milioni moja na nusu

Mgeni wa Mbagala
Habari za humu, wakuu. Nimedunduliza shilingi 1,500,000 ili niunde kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, na monita ninayo tayari, ya nukta 1920 kwa 1080. Muuzaji mmoja wa Kariakoo amenipa orodha yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G, RAM ya GB 16 katika kijiti kimoja, kesi ya kioo yenye feni sita za taa, na pawa saplai iliyoandikwa wati 750 ambayo jina lake sijawahi kulisikia. Kadi ya grafiki haimo; anasema prosesa hiyo inajitosheleza na kadi nitaongeza baadaye. Hofu yangu ni kwamba hiyo baadaye huenda isifike. Nacheza zaidi mpira na GTA V, ila natamani na gemu mpya.

Bisibisi
Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. GTA V itacheza, lakini gemu mpya zitakutoa jasho, kwa sababu grafiki iliyomo ndani ya 5600G haina kumbukumbu yake yenyewe bali hukopa kwenye RAM, na RAM ya kijiti kimoja hupitisha data kwa njia moja badala ya mbili. Siku utakapoongeza kadi utagundua jambo jingine: 5600G ina kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 16 na PCIe (njia inayounganisha prosesa na kadi) ya toleo la 3, ilhali 5600 isiyo na herufi G ina MB 32 na toleo la 4. Utakuwa umelipia grafiki ambayo huitumii tena.

Mimi ningechukua 5600 hiyo, vijiti viwili vya GB 8, SSD moja, na fedha inayobaki ningeielekeza kwenye kadi ya mtumba ya RX 6600 yenye GB 8. Kesi ya kioo haiongezi hata fremu moja; chukua ya bati inayopitisha hewa mbele.

Dada wa Sinza
Naunga mkono, ila mimi nashangaa hiyo pawa saplai imepitwa haraka. Niliwahi kununua yenye maandishi makubwa namna hiyo, nyepesi kama kopo tupu. Umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, iliondoka na ubao mama (motherboard) pamoja na SSD. RX 6600 hutumia takriban wati 132, na 5600 ni ya daraja la wati 65, kwa hiyo wati 550 za kweli, zenye cheti cha 80 Plus (cha kutopoteza umeme mwingi) na jina linalojulikana, zinakutosha na kubaki. Wati 750 za kwenye karatasi ni za kwenye karatasi. Ukibakiza chochote, nunua na stabilaiza.

Mgeni wa Mbagala
Ahsanteni sana. Kadi ya mtumba nitaijuaje kama ni nzima?

Bisibisi
Usiinunue ikiwa mezani. Iwekwe kwenye kompyuta ya dukani, iendeshwe FurMark, programu ya kuikamua kadi ya grafiki, kwa robo saa mbele yako, nawe uangalie kama joto linatulia au linaendelea kupanda, kama skrini inatoa madoa, na kama feni zote zinazunguka bila kukwaruza. Kagua pia skrubu zake, maana zilizochubuka zinaonyesha kuwa imewahi kufunguliwa, na hapo muulize kwa nini.

Kokotoo
Na ubao mama je? Hakuna aliyeuliza ni upi. Kama ni B450 wa zamani uliotoka kiwandani kabla ya Novemba 2020, hautaitambua 5600 mpaka BIOS yake, yaani programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta, isasishwe, na mwenye kuunda mara ya kwanza hudhani prosesa ni mbovu. Mwombe muuzaji aisasishe na akuonyeshe namba ya toleo. Kumbuka pia kwamba 5600 haina grafiki ya ndani, hivyo waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao.

Mgeni wa Mbagala
Nimempigia. Kesi na pawa saplai amekubali kubadilisha, ubao ni B450 kweli, na kuhusu BIOS amesema ataangalia. Jumamosi naenda mwenyewe, na sitoi fedha kabla ubao haujawaka na 5600 ikiwa juu yake.