Danadana mbili! Wakuu, MBILI! Hii timu inatuchukuliaje?

Mzee wa Mzunguko:

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala, nimesimama, jezi imenibana kwapani, na nikikosea herufi mnivumilie. Natoka kwenye tamasha la timu yetu. Siitaji, mnaijua. Na yule bwana aliyevishwa namba 9 simtaji pia, maana jina lake limo mgongoni mwangu hapa, nimelilipia elfu tano juu ya bei ya jezi, na kila abiria anayepanda analisoma kwanza, anacheka, ndipo anatafuta kiti.

DANADANA MBILI.

Wiki mbili nzima ukurasa wa timu unatuwekea kivuli cha mtu. Leo kivuli, kesho mguu, keshokutwa sikio. "Kaeni mkao wa kula." Tukakaa. Nimekaa mkao wa kula mpaka mama watoto akaniuliza kama nyonga inasumbua. Siku ile saa sita usiku wakaposti: mashine imeshuka, straika wa kimataifa, tumempora mikononi mwa vigogo wa Afrika Kaskazini. Vigogo gani, hawakusema. Nikaamsha nyumba nzima. Hata mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye mpira hana habari nao, nilimgongea mlango nikampa mkono.

Sasa leo. Wametambulishwa wapya tisa. Wanane wa kwanza sina neno nao. Kipa mrefu hadi tukajiuliza ndani ya basi alikaaje. Beki wa kushoto, mtoto wa hapa hapa, kapiga danadana mpaka mshereheshaji akamnyang'anya mpira kwa sababu Magharibi ilikuwa inaingia. Halafu moshi. Ngoma. Bwana mkubwa akatokea ndani ya moshi kama sinia la pilau limefunuliwa. Akapewa mpira. Uwanja kimya, hadi muuza karanga kashusha beseni.

Moja.

Mbili.

Ya tatu mpira ukampiga ugoko, ukavuka uzio, ukaenda kuingia kwenye tarumbeta la watu wa bendi, tarumbeta likatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, na huo ndio muziki pekee uliopigwa vizuri leo.

Nikajua ni mbwembwe, atauokota aanze upya. Hakuuokota! Akapiga makofi. Kajipigia makofi mwenyewe, wakuu, kwa danadana mbili!

Na hapo bado sijatukanwa. Nimetukanwa pale msemaji wetu, yule yule mnayemjua, alipochukua kipaza sauti akasema: "Sisi tumesajili magoli, hatukusajili danadana. Mwenye shida na danadana aende sarakasi." Mimi! Nimefunga genge langu tangu asubuhi, nyanya zinalala, nimelipa kiingilio, nimevaa jina la mtu mgongoni, halafu niende sarakasi! Mwanangu ana miaka sita anapiga nne, tena na ndala.

Nashuka kituo kinachofuata hata kama si changu. Konda anahesabu chenji kwa sauti, "moja, mbili", na anaishia hapo hapo.

Kiti cha Mbele:

Nimewahi nafasi. Karanga ninazo. Endeleeni.

Dalali Mstaafu:

Umeandika kwa uchungu mpaka moshi wa tamasha umenifikia huku. Swali dogo tu mkuu: huyo mtoto wa ndala ana wakala?

Beki Mbao:

Punguza chumvi. Nilikuwepo. Mpira haukuingia kwenye tarumbeta, ulimpiga mtu wa ngoma. Na danadana zilikuwa mbili na nusu.

Mzee wa Mzunguko:

@Beki Mbao nusu danadana ndiyo mdudu gani? Ule ni ugoko!

Beki Mbao:

Ugoko nao ni mguu.

Dada wa Jukwaa Kuu:

Nyie wanaume mna roho ngumu. Elfu tano ya jina la mtu hujamwona hata akikimbia? Mimi mgongoni nimeandika jina langu. Mwaka wa tatu huu sijauzwa, sijatolewa kwa mkopo, sijavunjiwa mkataba.

Kumbukumbu Hai:

Vijana mnashangaa madogo. Mwaka 2014 Yanga walimshusha Mbrazili, Jaja. Kwenye Ngao ya Jamii akawatia Azam mawili, mji ukasimama, kila mtu akajifanya anajua Kireno. Msimu haukuisha akiwa hapa. Mwaka 2019 Simba wakaleta Wabrazili watatu kwa mpigo kama wanafungasha jumla. Mwaka 2022 wakamleta Mserbia, Dejan Georgijević, watu wakambatiza "Mzungu". Agosti tunamshangilia, Septemba katangaza mwenyewe mtandaoni kwamba mkataba basi. Kwa hiyo huyo wako mwenye danadana mbili, muombee kwanza afikishe miezi miwili.

Mnyama Mkali:

Simba imeingiaje kwenye uzi wa danadana? Hebu tuheshimiane.

Mwananchi Damu:

Imeingia kama mpira wetu Yanga ulivyoingia kwenu mara tano tarehe 5 Novemba 2023. Tano moja. Au danadana zile hukuzihesabu?

Mnyama Mkali:

Na tarehe 6 Mei 2012 tano bila alipigwa nani? Hata ile moja ya kufutia machozi hamkuipata.

Mwananchi Damu:

2012 nilikuwa darasa la pili, usinihukumu kwa madeni ya baba.

Mzee wa Mzunguko:

Wakuu turudi kwenye mada. Kajipigia MAKOFI.

Msambaa wa Dallas:

Nawasoma nikiwa huku Marekani. Kwenye mpira wao wa Kimarekani, ligi yao NFL, hakuna mambo ya kuweka kivuli. Kila Aprili vijana wanaotoka vyuoni wanagawanywa kwa zamu, timu 32, raundi 7, na aliyevuta mkia msimu uliopita ndiye anayechagua kwanza. Kabla ya hapo wanapimwa mchana kweupe: mbio, kuruka, kunyanyua vyuma, kila kitu kinaandikwa. Tom Brady mwaka 2000 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, konokono kabisa kwa viwango vyao. Kachukuliwa wa 199. Alipostaafu alikuwa na mataji saba ya Super Bowl, fainali yao kubwa. Brock Purdy mwaka 2022 kachaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa, na huyo wa mwisho huwa wana jina la kejeli wanampa, lakini msimu wake wa pili tu akaifikisha San Francisco fainali. Sasa mgeukie JaMarcus Russell, chaguo la kwanza la mwaka 2007, mamilioni kibao. Misimu mitatu, kwisha. Kwa hiyo msimkatie mtu hukumu kwa danadana, subirini ligi.

Dalali Mstaafu:

Yaani huko ukivuta mkia unapewa zawadi uchague kwanza? Huku wa 15 na wa 16 wanashuka daraja kwenda Championship, na mwezi ukiisha kocha anadai mshahara kwa redio.

Kiti cha Mbele:

Mpira wanaubeba kwapani kama mkate wa bofulo, halafu wanauita mpira wa miguu. Huyo Brady danadana angepiga ngapi?

Msambaa wa Dallas:

Brady kazi yake ilikuwa kurusha kwa mkono.

Kiti cha Mbele:

Basi hata huyu wa kwetu huenda alishuka kwenye ndege ya mpira mwingine. Mpeni wa mikono mjaribu.

Mzee wa Mzunguko:

@Msambaa wa Dallas mkuu wewe ndiye umenielewesha hasira yangu. Huyo Brady ni wa 199. Nani aliposti sikio lake wiki mbili? Nani alisema amempora kwa vigogo? Wa 199 unamchukua kimya kimya, akikosea ni siri yenu wawili, akipatia mnachinja. Mimi nimeonyeshwa SIKIO. Nimelala nikiwaza lile sikio. Halafu danadana mbili na makofi.

Beki Mbao:

Mbili na nusu.

Mwalimu wa Zamu:

Hakuna anayemzungumzia yule beki wa kushoto. Kanuni inaruhusu wageni 12, basi viongozi wanaona wasipojaza 12 watachapwa. Samatta katokea Mbagala, akaenda African Lyon, akaenda Simba, mwaka 2011 TP Mazembe ya Kongo wakambeba, mwaka 2015 akawa bingwa wa Afrika na mfungaji bora wa mashindano, mpaka mwaka 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza. Nani alimwekea moshi pale Mbagala?

Mwananchi Damu:

Mwalimu, wageni si wabaya, inategemea nani kaenda kuwatafuta. Straika wetu Mayele alipokuja Yanga mwaka 2021 nani alimpima danadana? Msimu wa 2022/23 kafunga magoli 17. Wenzenu wanatuma watu wakaangalie mechi, nyie mnanunua kwa klipu ya dakika tatu yenye muziki.

Mnyama Mkali:

Kwa hayo 17 aligawana ufungaji bora na Saido wa Simba. Malizia sentensi.

Jirani wa Namanga:

Nyinyi Watanzania mnapenda kulia. Angalau wenu amekuja na miguu yote miwili. Huku kwetu Nairobi timu ilitutambulisha winga kwa picha, amejaa tatuu mkono mzima, tukasema sasa tumepata mtu wa Ulaya. Kijana kufika uwanjani, mkono safi kama wa mtoto wa madrasa. Kumbe walikata kichwa chake wakabandika kwenye mwili wa mtu mwingine! Mpaka leo hatujui ule mwili unachezea wapi.

Dada wa Jukwaa Kuu:

😂😂😂 Huo mwili ndio mngeusajili.

Genge la Vitunguu:

Tukiacha mambo ya danadana, jezi za mwaka huu mmezigusa lakini? Nimefua mara moja tu, nembo imebaki kwenye beseni. Nimeanika kitambaa.

Kumbukumbu Hai:

Yangu imetoa rangi kwenye taulo la mama mkwe. Kakaa kimya. Anavyokaa kimya huyo mama, bora angepiga kelele.

Genge la Vitunguu:

Ulitumia maji ya moto?

Kumbukumbu Hai:

Vuguvugu.

Dada wa Jukwaa Kuu:

Jezi hufuliwa maji baridi, unaigeuza ndani nje, unailoweka kwanza na chumvi. Nyie mnafua kama mnaosha masufuria.

Boda wa Usiku:

Mimi malalamiko yangu ni maegesho. Pikipiki elfu mbili! Natoka nje naikuta imelazwa, na mlinzi kaikalia akila chipsi mayai. Namuuliza vipi, ananiambia "nailinda kwa karibu."

Jirani wa Namanga:

Na choo? Mna choo huko? Sisi chetu kina foleni ndefu kuliko ya tiketi.

Mzee wa Mzunguko:

Wakuu, naomba tusitoke nje ya mada. Danadana mbili, akajipigia makofi, msemaji akatutukana. Naona watu wanajadili vyoo.

Boda wa Usiku:

Choo ni muhimu mkuu. Danadana huwezi kubanwa nazo.

Kiti cha Mbele:

Karanga zimeisha. Mwenye habari ya yule mama mkwe aendelee.

Kumbukumbu Hai:

Kaomba nauli ya kurudi kwao. Taulo kalibeba.

Msimamizi:

Uzi huu umehamishiwa jukwaa la Mitindo na Mavazi. Mpunguze matusi kwa mama mkwe.

Mzee wa Mzunguko:

Mitindo na Mavazi? Kweli?

Haya, kwa kuwa tumeshafika huku. Kuna mtu anajua namna ya kubandua jina kwenye jezi bila kuharibu kitambaa? Namba 9 iache ibaki, nitaiheshimu namba.

Fundi Pasi:

Karibu. Weka gazeti juu ya herufi, pasi iwe na moto wa wastani, kandamiza kidogo kisha vuta taratibu kikiwa bado cha moto. Usitumie wembe, utatoboa.

Dada wa Jukwaa Kuu:

Usibandue kaka. Akianza kufunga utakuja hapa kuuliza gundi.

Dalali Mstaafu:

Nimeuliza kuhusu mtoto wa ndala tangu mwanzo wa uzi, sijajibiwa.

Fundi Pasi:

@Mzee wa Mzunguko vipi, imekubali?

Mzee wa Mzunguko:

Umeme umekatika katikati ya kazi. Zimetoka herufi mbili.