Wajukuu wa manamba Muheza, shamba tunalipataje?

Mjukuu wa Kasulu:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Babu yangu alikuwa Muha wa Kasulu, Kigoma. Aliletwa Tanga na SILABU, ofisi iliyoanzishwa 1944 kukusanya vibarua wa mkonge. Walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mimi nimezaliwa kambini mwa vibarua hao, na bado naishi humo.

Msimu wa machungwa nakwea michungwa ya jirani yangu Mbondei, mwenyeji wa hapa, nachuma, nashusha, mikono yote michubuko ya miiba. Lori la Kenya linafika, pesa zinahesabiwa mbele yangu, anapewa yeye. Mimi napata ya kibarua cha siku. Jirani ni mtu mwema. Mwanangu alipozidiwa usiku, ni yeye aliyetuwahisha kwa pikipiki yake. Ila michungwa ile aliipanda babu yake, wangu alipanda mkonge wa bwana. Mtu kama mimi shamba analipataje?

Binti wa Magila:
Pole kaka. Mimi Mbondei. Wazee wetu walikuwa na mashamba yao, kukata mkonge wakakukataa. Wenye mkonge nao walitaka watu wa mbali, wasio na pa kurudi jioni. Tukapata na shule ya misheni hapa Magila mapema. Basi nikisikia mtu anasema "watu wa kambini wavivu," inaniuma. Anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kukata mkonge ni mvivu?

Mzee wa Ramani:
Mwanangu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiulizi kabila. Raia mkazi wa kijiji anaomba kwa halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu unaidhinisha. Lakini angalia kwanza: kambi ikiwa ndani ya mpaka wa shamba la mkonge, kijiji hakiwezi kukugawia pale. Omba kuona ramani ya kijiji, na nakala ya barua yako igongwe muhuri.

Mjukuu wa Kasulu:
Ahsante kwa ushauri mzee wangu, nawe dada pia. Kambi imo ndani ya mpaka, hilo nalijua. Mwenyekiti kaniambia ardhi iliyobaki ni ya koo. Barua nitaipeleka hivyo hivyo Jumatatu, mke wangu ameshainakili kwa mwandiko mzuri. Tumeomba heka moja. Miche ya michungwa ninayo kumi na minne nyuma ya nyumba, nimeibebesha mwenyewe, yaani nimeunga mchungwa juu ya milimau, na mizizi imeanza kutoboa mifuko.