Ulinganisho: skolaship ya full nje ya nchi au ya ada tu lakini ina menta na uongozi, mdogo wangu achukue ipi?

KalamuButu
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu haraka maana jibu linatakiwa Ijumaa. Mdogo wangu wa mwisho kamaliza sekondari, kafaulu vizuri sana, na kapata skolaship mbili kwa mpigo. Nyumbani uwezo wa kumlipia chuo hatuna, hilo halina mjadala. Ya kwanza ni full, chuo cha nje. Ya pili wanalipa ada, chuo cha nchini, ila wana programu ya uongozi, kila mwanafunzi anapewa menta wake, yaani mtu mzoefu wa kumwongoza, na wanakuwa kundi moja toka mwaka wa kwanza mpaka wanamaliza. Mimi naegemea ya kwanza, mama anaegemea ya pili, na kila mmoja keshanuna. Tuchukue ipi?

MzeeWaFomu
Mkuu umeleta mizani, mizigo umeiacha nyumbani. Full ya nini? Ada tu ndo wanaiita full, au na kulala, kula, vitabu, bima ya afya, viza? Nauli ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi? Ni ya miaka yote au kila mwaka wanaangalia upya? GPA, yaani wastani wa alama, ya chini wanataka ngapi na akishuka semista moja wanamfukuza au wanampa nafasi? Anaenda kusoma nini? Akimaliza kuna sharti la kurudi? Na hiyo ya pili, wakishalipa ada yeye atalala wapi na atakula nini? Jibu hayo kwanza ndo tuongee.

Nuktanne
Mzee unamtisha bure mtoto wa watu. Achukue ya nje, afunge begi, mengine yatajipanga hukohuko. Menta halipi kodi ya chumba. Hayo mambo ya uongozi ni semina za kuambiwa amini ndoto zako alafu mnapigwa picha na fulana.

ShangaziSomo
Nuktanne kwa kukandia huna mpinzani. Mimi nimekaa na vijana hawa, kuna wanaoacha chuo ada ikiwa imelipwa yote. Anafika mahali hajui hata pa kuuliza, anafeli mtihani mmoja anadhani yeye peke yake ndo kafeli, anajifungia chumbani basi imeisha hiyo. Posse, ile skolaship ya Marekani inayopeleka vijana chuoni kwa makundi, ilianza 1989 kwa sababu hiyohiyo, kijana mmoja aliyeacha chuo alisema asingeacha kama angekuwa na kundi lake pale. Wakaanza na wanafunzi watano chuo cha Vanderbilt. Siku hizi wanapeleka kama kumi kumi chuo kimoja, na kabla hawajaenda wanakutana kila wiki kwa karibu miezi minane, ada wanalipa vyuo vyenyewe. Sasa niambie hapo fulana iko wapi.

Nuktanne
Hiyo ni Posse shangazi. Ya mdogo wake jamaa unaijua?

ShangaziSomo
Na wewe hiyo full unaijua?

MzeeWaFomu
Ndo maana nikauliza mizigo iko wapi.

KalamuButu
Samahanini nilikuwa kazini. Ya nje ni uhandisi wa umeme, ya nchini ni hisabati na takwimu. Barua ya nje anayo mama, ninachokumbuka imeandikwa "ada, malazi na chakula". Nauli sikuiona. GPA sijaangalia. Kwenye ya pili kulala itabidi tuchangishane ndugu.

MzeeWaFomu
Haya sasa! Kozi mbili mbalimbali kabisa na hukuona kama ni jambo la kusema. Mnabishana na mama juu ya hela kumbe mnamchagulia mtoto kazi ya maisha.

MtoroWaBweni
Hapo kwenye "ada, malazi na chakula" ngoja niseme yangu, ni ndefu mnivumilie. Nilipata ya namna hiyohiyo miaka kadhaa nyuma, chuo cha nje, jina naliacha. Nikafika na begi moja. Ada kweli walilipa, chumba kweli nilipewa, chakula ni kadi unaigusisha pale mlangoni kafeteria taa inawaka kijani unaingia. Nikasema basi nimetoka kimaisha. Desemba ikafika, nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, bweni linafungwa Ijumaa saa sita mchana litafunguliwa baada ya wiki tatu. Wenzangu wanaburuta mabegi yao ya magurudumu kwenye korido wanakwenda kwao, mimi nimesimama pale na soksi nasoma karatasi mara ya nne nikidhani sijaelewa lugha. Nikawaandikia ofisi ya wafadhili imeili, ikajijibu yenyewe kwamba wako likizo. Mhudumu wa usafi ndo akaniambia kuna bweni la watu wa uzamili halifungwi, nenda kaombe. Nikapewa kigodoro, kwa kulipia, nikalipa kwa hela ya vitabu vya semista ya pili. Kadi ya chakula nayo taa ikawa nyekundu, kwa hiyo wiki tatu nimeishi kwa tambi za kumimina maji ya moto.

Sasa na mimi nilikuwa na menta msidhani sikuwa naye. Kwenye tovuti yao picha yake ipo, na tai. Tumeongea mara moja kwa video dakika kumi na mbili, nazijua kwa sababu bando lilikuwa langu. Akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamwambia kwa sasa najiona kitandani mwezi wa kumi na mbili. Hakucheka, na hakunitafuta tena. Ila kwenye dhifa ya wafadhili sikukosa kuitwa. Kwenye meza kuna kadi yenye picha yangu, chini yake wameandika kazi anayofanya mama yangu, maikrofoni ikaletwa nieleze maisha ya nyumbani yalivyokuwa. Watu wakalia. Wakati wa kutoka mama mmoja akaniuliza kwa upole una koti la baridi? Nikasema ninalo. Sikuwa nalo.

Nilimaliza, nyuma ya wenzangu kwa mwaka mzima. Yule mhudumu wa usafi mpaka leo tunapigiana simu.

ShangaziSomo
Pole sana mwanangu. Hiyo ya kadi mezani imenichoma.

Nuktanne
Pole mkuu, kweli. Lakini ulimaliza na deni huna.

MtoroWaBweni
Deni sina. Sijamwambia asiende, nimesema aulize bweni linafungwa lini.

ChumaUlete
Wakuu mnazunguka, kwa nini asichukue zote mbili? Moja ilipe ada nyingine ilipe kulala.

MzeeWaFomu
Vyuo viwili tofauti ChumaUlete, atajigawa? Na hata kingekuwa chuo kimoja sio rahisi hivyo. Vyuo vingi, Marekani hasa, ukipata ufadhili wa pembeni unatakiwa uwaambie, na ukiwaambia wengine wanakata wa kwao kiasi hichohicho. Unajikuta umeandika insha nyingine, umefanya intavyuu nyingine, mfukoni hela ni ileile. Swali la kuwauliza ni moja, nikipata ufadhili wa nje mnapunguza mkopo wangu au mnapunguza msaada wenu.

Kijana_Makini
Mwambie aombe Chevening, uongozi upo na kila kitu wanalipa.

MzeeWaFomu
Chevening ni ya masters mkuu, mwaka mmoja Uingereza, na wanataka uwe umefanya kazi kama miaka miwili kabla, alafu ukimaliza urudi nchini kwako ukae angalau miaka miwili. Huyu mtoto katoka sekondari juzi.

Kijana_Makini
Sawa, basi Rhodes.

ShangaziSomo
Jamani. Rhodes ni uzamili wa Oxford, inatafuta waliong'ara tayari, haina habari kwenu mna uwezo au hamna. Mpaka 1977 hata wanawake walikuwa hawaruhusiwi. Inayofanana na hali ya huyu mtoto ni ya Mastercard Foundation, ipo toka 2012, inachukua digrii ya kwanza pia, inapita kwenye vyuo kama Makerere, Ashesi, Edinburgh. Pale hela na ulezi vimewekwa kapu moja. Hivi vya nusu nusu ndo vinagombanisha watu na mama zao.

KalamuButu
Shangazi hiyo hatukuomba, muda ulishapita.

Mpitanjia09
Samahani kuingilia, kwa mkimbizi kuna nini? Nipo nchi ya ugenini na vyeti vyangu vipo ila vya kule nyumbani.

MzeeWaFomu
Ulizia DAFI, skolaship ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ipo toka 1992, inasomesha wakimbizi digrii ya kwanza katika nchi waliyopewa hifadhi. Anzia ofisi ya UNHCR ya hapo ulipo, na suala la vyeti kutambuliwa lianze leo, hilo ndo linakula muda kuliko fomu yenyewe. Ukikwama fungua uzi wako tutakuja.

Nuktanne
Turudi kwenye mada. Mimi bado nasema uongozi haufundishwi darasani. Kiongozi anazaliwa.

KitabuKizee
Kuzaliwa anazaliwa kila mtu Nuktanne. Wangari Maathai alikwenda kusoma Kansas 1960 kwa ule mpango wa Tom Mboya wa kupeleka vijana Marekani, unadhani asingepata ile nafasi ungemjua? Na mnaobishana full na si full, tazameni ule mpango ulikuwa na tatizo gani. Nafasi vyuoni zilikuwepo, ufadhili wa ada ulikuwepo, nauli ndo haikuwepo! Ndo maana 1959 wakachangisha hela za kukodi ndege nzima, wakapanda vijana 81. Miaka zaidi ya sitini baadaye mkuu KalamuButu anatuambia nauli sikuiona.

ChumaUlete
Ndege ile ndo alipanda baba yake Obama.

KitabuKizee
Hakupanda. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo 1959 lakini kwa njia yake. Mfuko wa ule mpango wa Mboya ulikuja kumsaidia baadaye.

ChumaUlete
Acha bwana, dunia nzima inajua alipanda.

KitabuKizee
Dunia nzima ikijua uongo haugeuki kuwa kweli. Ungesema alisaidiwa na mpango ningekuacha. Umesema ndege.

Kijana_Makini
Kwani menta kwa Kiswahili ni nani? Kuna sehemu nimeona wameandika mnasihi.

ShangaziSomo
Mlezi.

MzeeWaFomu
Mlezi ni wa chama. Mshauri.

MtoroWaBweni
Wangu alikuwa picha.

ShangaziSomo
😂 Mwanangu umenimaliza. KalamuButu uko wapi?

KalamuButu
Nipo. Nimeenda kwa mama nikaichukua barua tukakaa tukaisoma wote wawili mstari kwa mstari, angalau kununa kumepungua. Ukurasa wa tatu: ufadhili unahuishwa kila mwaka, GPA isishuke chini ya 3.0, akishuka anapewa semista moja ya kujirekebisha. Bima ipo. Nauli haipo, kweli. Likizo hawajasema chochote. Ile ya nchini nimewapigia simu nikauliza menta mmoja ana wanafunzi wangapi, dada wa mapokezi kasema swali zuri atanirudia. Hajanirudia.

MzeeWaFomu
Uhandisi na 3.0 kwa mwaka wa kwanza ugenini sio mchezo, lakini semista ya kujirekebisha ni dalili nzuri, wengi hawaweki. Sasa fanya hivi, usiwapigie wa ofisini. Omba namba ya mwanafunzi wao wa mwaka wa tatu, pande zote mbili. Wa tatu, sio wa kwanza, wa kwanza bado ana furaha. Muulize mara ya mwisho kuonana na menta wake ni lini na waliongea nini. Akisitasita umeshapata jibu. Huyo wa nje muulize Desemba alilala wapi.

Nuktanne
Na wakikataa kutoa namba?

MzeeWaFomu
Hilo nalo ni jibu.

ShangaziSomo
Na mnaongezea kosa moja nyote, na mimi nimo. Huyo mtoto mwenyewe anataka nini?

KalamuButu
Nani?

ShangaziSomo
Mdogo wako! Aliyepata skolaship!

KalamuButu
Kusema kweli hatujamuuliza. Anakubali tu kila tunachosema.

MtoroWaBweni
Na mimi nilikuwa nakubali tu.

ChumaUlete
Nimepata picha ya ile ndege ya 1959, kuna mtu kulia anafanana naye kabisa.

KitabuKizee
Kufanana tena.

KalamuButu
Nimemuuliza. Hajasema uhandisi wala takwimu. Kaniuliza kama nimeshajibiwa kuhusu bweni kufungwa Desemba. Kumbe anasoma huu uzi toka jana, kimya kimya, simu chini ya shuka. Sasa anataka aandike imeili mwenyewe kwa wote wawili, mama kasema mwacheni aandike.

MzeeWaFomu
Aulize na nauli ya kurudi.

Nuktanne
Ijumaa ikifika mtuambie alichukua ipi.

Mgeni_Mpya2
Wakuu habari, sijasoma uzi wote, naomba linki ya kuombea hiyo ya full.